Mto Chini ya Goti

Goti la mama lilisikika kabla yeye hajaonekana. Nikiwa jikoni nilisikia kra, kimya, kra tena, ndipo akatokea mlangoni ameshika ukuta. Miaka ya kubeba kahawa mgongoni kwenye miteremko ya Kanyakine ilikuwa imelimaliza. Halikunyooka tena. Daktari alipomuuliza anatarajia nini kutokana na upasuaji, alijibu, "Nifike chooni bila kushikwa."

Akawekewa goti la chuma na plastiki. Tulirudi nyumbani na agizo moja: mguu unyooshwe kila siku, na chini ya goti pasiwekwe kitu.

Kisha wakaja wanawake wa kanisa. Kwetu mgonjwa hatembelewi mikono mitupu. Walileta uji wa wimbi, ndizi, na mto waliotarizi maua mekundu. Shangazi, dada wa baba, akausukuma chini ya goti.

"Pumzika, wifi. Umebeba vya kutosha."

"Daktari alikataza," nikasema.

"Huyo daktari amezaa wangapi?"

Wakacheka. Nami nikauacha mto pale, kwa sababu mama alikuwa amefumba macho kwa raha. Goti lililopinda haliumi sana. Hilo ndilo lililotudanganya wiki mbili nzima.

Kliniki, kijana wa mazoezi ya viungo alilikandamiza goti kwa kiganja. Halikushuka.

"Cucu," alimwita kama bibi yake, "mnaweka nini hapa chini?"

"Mto wa kanisa."

Hakucheka. "Likikauka hivi, utachechemea kama zamani. Bado tuna wiki chache za kulinyoosha."

Kuanzia siku hiyo nilimkandamiza goti asubuhi na jioni. Aliniita askari jela. Aliniuliza kama ndiyo shukrani ya kuzaliwa. Shangazi aliporudi na wenzake, mama hakumpa nafasi ya kufungua chupa ya uji.

"Keti hapa, wifi, uhesabu hadi ishirini. Na usiruke hata moja kwa huruma."

Nikalikandamiza goti, Shangazi akahesabu huku machozi yakimtoka. Alifika kumi na saba akaomba tuache. Mama akamwambia aendelee.

Siku moja asubuhi, mvua ikiwa imekatika, nyuma ya goti ikagusa shuka. Baada ya chai mama akachukua mkongojo wake, akasimama. Nami nikasimama nimshike.

"Keti. Umeniona uchi vya kutosha."

Akavuka kizingiti cha choo, mguu mmoja kisha mwingine, akauvuta mlango nyuma yake ukafungika.