Majina Niliyokabidhiwa

Kichwa changu kinashika majina. Darasani nilikaa miaka miwili tu, na kusoma nasoma polepole kama mtu anayechambua mchele, lakini ukinitajia leo jina lako na la baba yako, mwaka kesho nitakusalimia nalo na kumuulizia yule mjomba uliyemtaja kwa bahati mbaya. Hapa, hata hivyo, sitaandika jina la mtu hata mmoja. Hilo nilifundishwa na fundi mmoja wa nguo, na ndiye ninayetaka kuwasimulia habari zake.

Tuna kundi letu la sala kwenye simu. Wengi wetu tulijifunza kusali kwa Kiswahili kule kambi ya wakimbizi Kenya, na tuliporudi Juba tukakuta misa ni ya Kiarabu, ya Kiingereza, ya Kibari. Zote nzuri, sikatai. Ila mtu akilia, analia kwa lugha aliyozoea. Mimi nakaa Gudele, magoti yamekataa, na kanisa kubwa la Kator liko mbali. Basi kanisa langu likawa simu.

Admini, ndivyo tunavyomwita msimamizi wa kundi, ana umri wa binti yangu wa mwisho. Anashona sare za shule pale soko la Konyo Konyo. Kila asubuhi anasoma somo kwa sauti huku cherehani inalia nyuma yake, trrr, trrr, halafu anasema, "Haya, semeni." Na watu wanasema! Wiki nzima tuliwahi kubishana kama chai ya asubuhi inavunja mfungo. Mlinzi mmoja wa duka la jumla, mwenye sauti nzito, akasema chai ni maji tu yaliyobadilika rangi. Nikamjibu, "Na ukiweka sukari vijiko vinne, mwanangu, hayo bado ni maji?" Watu walicheka siku mbili, na yeye akawacheka wanaocheka.

Sheria za admini ni chache. Ukiandika, urekodi na sauti pia, maana wapo wasiosoma. Hakuna kutuma zile jumbe za "peleka kwa watu kumi upate baraka." Hakuna kusema "watu wenu" na "watu wetu." Na joto likipanda analifunga kundi, hakuna anayeweza kusema, anaacha neno moja tu: "Nendeni mkanywe maji." Akifungua, wa kwanza kuongea lazima awe mtu aliyekuwa kimya tangu mwanzo. Hilo lilinishangaza sana. Waliokuwa wakipigana wanakaa kusubiri, na anayekuja kuongea ni mama fulani mpole aliyekuwa jikoni, hana habari, anauliza, "Jamani, somo la leo lilikuwa lipi?" Hasira inakosa pa kukaa.

Sisemi hakosei. Picha zangu za maua ya asubuhi alizifuta zote, na mpaka leo sioni ubaya wa ua. Lakini tulijifunza kumsikiliza kwa cherehani yake. Ikilia, anatania. Ikinyamaza, jua kuna jambo.

Ndipo zikaja habari za shambulio barabarani. Walikufa watu wa pande mbili, wa kabila letu na wa lingine. Mmoja alikuwa mtoto wa kaka yangu. Mama yake alifariki yeye akiwa mdogo, nikamlea mimi kambini, nikimbeba mgongoni kwenda kwenye foleni ya maji. Sikwenda kumzika, njia ilikuwa imefungwa. Nilichobaki nacho ni jina lake. Nikashika simu nikarekodi. Nikamtaja yeye, na baba yake, na babu yake, mpaka baba wa saba, na ukoo, na kijiji. Kwetu mtu akifa hutajwa hivyo, asipotee huko aendako. Nikamaliza, "Mwombeeni mwanangu."

Sikufikiri. Hapa Juba jina la babu yako linasema wewe ni kabila gani kabla hujasema neno lingine. Watu watatu walijibu amina. Wa nne alikuwa yule mlinzi, na sauti yake haikuwa ile ya chai. "Na wale wengine waliokufa? Wao si watu? Mbona hawaombewi?" Akawataja wake. Mwingine akamjibu kwa kuwataja wake. Marehemu wetu tukawa tunarushiana kama mawe.

Kundi limefungwa. Na ujumbe wangu, uliotangulia yote, umefutwa.

"Amemfuta mtoto wangu," nilimwambia jirani aliyekuja kunipa pole. Nikataka kutoka kundini, lakini huko kutoka kwenyewe sijui kunabonyezwa wapi. Nikaitumbukiza simu kwenye debe la unga wa mtama, nikafunika.

Kesho yake admini akaja na boda, tepu ya kupimia bado iko shingoni. Akakaa kwenye mkeka.

"Haboba, pole," alisema. Ndivyo Juba wanavyomwita bibi.

"Pole ya nini? Wewe ndiye umemfuta."

"Nimemfuta, ni kweli. Malesh, unisamehe. Sasa nitajie mimi, jina lote."

"Ulishalisikia."

"Nililisikia nikiwa na hofu. Nitajie tena."

Nikamtaja mpaka baba wa saba. Alisikiliza ameinamisha kichwa. Nilipomaliza akasema amina, kisha yeye akanitajia jina lingine, refu vilevile, la upande ule. Alikuwa mdogo wake yule mlinzi. Amekufa barabara hiyohiyo, siku hiyohiyo, na kaka yake naye hakufika kumzika.

"Jina lake la ubatizo umelisikia?"

Nilikuwa nimelisikia. Lilikuwa jina la mtoto wangu.

Akaniacha nifute macho. Halafu akasema, "Watu wanataka kuwataja wafu wao, Haboba, siwezi kuwazuia. Kuandika naogopa, simu inashikwa na yeyote. Wakuletee wewe majina kamili, wewe peke yako. Kwenye kundi utataja la ubatizo tu."

"Na wale baba saba?"

"Watabaki kwako."

"Mzee kama mimi unanipa kazi?"

"Si ulitaka kutukimbia? Simu iko wapi?"

Nikamwonyesha debe. Alicheka mpaka tepu ikaanguka.

Majina yakaja siku tatu, kila mtu akinipigia simu mwenyewe. La mlinzi lilikuja mwisho. "Mama," alisema, "mdogo wangu alikuwa mtu wa mzaha." Baada ya hapo akataja baba zake, taratibu, nisikose hata mmoja.

Jumapili admini akafungua kundi. Akaanza yule mama wa jikoni, akauliza kama tuko wote. Ndipo zamu yangu. Nilitaja majina ya ubatizo moja moja, na nilipofika kwenye lile, nililisema mara mbili, bila maelezo. Sauti nzito ikajibu, "Amina." Kisha ikaongeza, "Na tena, amina." Ipi ilikuwa ya nani, hakujua yeye wala sikujua mimi. Nyuma ya ujumbe wa admini, cherehani ikaanza kulia.

Baba saba nawataja mwenyewe asubuhi, nikichota unga kwenye lile debe. Nawataja wa mwanangu, kisha wale wa mdogo wake mlinzi.