Kofia Iliyokatwa Sikio

Mwaka tuliohitimu ualimu, mkuu wa chuo alitusimamisha paredi akatangaza kwamba kila mhitimu ameruhusiwa kupamba kofia yake ya mahafali kwa ubunifu wake binafsi. Neno "binafsi" alilitamka mara tatu, kama daktari anayeeleza dozi. Baadaye tulijua kwamba mkufunzi mmoja aliona jambo hilo kwenye simu, katika picha za mahafali ya ng'ambo ya mpaka. Masharti yalikuwa mawili. Pambo lisiwe la siasa, na kofia irudi stoo ikiwa nzima, kwa sababu ilikuwa mali ya chuo na darasa la mwakani nalo lilikuwa na vichwa. Asiyerudisha kofia nzima hapewi cheti.

Kwa msomaji ambaye hajawahi kuivaa, nieleze ilivyo. Chini ni kitambaa kinachobana kichwa. Juu ni ubao bapa wa pembe nne, na kwa kweli ubao huo ni boksi gumu lililovishwa kitambaa cheusi. Katikati pana kifungo, na kwenye kifungo kunaning'inia kishada cha nyuzi ambacho kazi yake ni kuingia mdomoni upepo ukivuma. Ukitaka kuipamba, usipake gundi kwenye kofia yenyewe. Kata karatasi nyeusi ya ukubwa uleule, pamba karatasi, kisha ishikize kwa pini. Siku ya kurudisha unabandua pambo lako, na kofia inabaki kama ilivyozaliwa. Wanafunzi wangu huwa nawaambia hivyo kila mwaka, na hunisikiliza vizuri mpaka wanapouliza mimi niliifanyaje.

Hiyo ilikuwa miaka ya dhahabu. Mji wa Tarime ulikuwa umejaa watu wenye vumbi hadi kwenye kope, na kila mmoja alikuwa tajiri wa kesho. Kinyozi wa Nkende alibadilisha jina la kibanda chake kikawa cha dhahabu, muuza maandazi naye akafuata, na mhubiri aliyekuwa akihubiri juu ya ngamia na tundu la sindano alianza kuliruka fungu hilo. Mkufunzi wetu wa saikolojia alikuwa na hisa kwenye duara, yaani shimo la kuchimbia, hivyo alitufundisha Jumatatu tu, na Jumatatu yenyewe alisinzia. Wavulana watatu wa darasa letu waliacha chuo kabisa. Mmoja alirudi kutusalimia akiwa amevaa saa mbili, moja kila mkono, na zote zilikuwa zimesimama.

Kwa hiyo tulipoambiwa tubuni kila mtu chake, sote tulibuni dhahabu. Duka la vifaa vya shule pale Turwa liliuza unga wa kung'aa, tuliouita glita, mpaka mwenye duka akaanza kuupima kwa kijiko kama dawa ya minyoo. Mmoja alichora sururu ya dhahabu. Mwingine alichora karasha, ile mashine ya kusaga mawe, kwa ufundi mkubwa, ila kwa mbali ilionekana kama mbuzi amelala. Mimi nilizungusha ukingo wa glita pembeni na katikati nikaweka jua. Mwenzangu wa chumba, msichana aliyekulia Sirari, ambaye Kiswahili chake kilikuwa na mguu mmoja Kenya, alilitazama jua langu kwa muda.

"Iko poa," alisema. "Lakini yangu pia ni jua."

"Langu lina miale mirefu."

"Sawa. Miale basi."

Mjomba wangu, mdogo wake mama, alisikitika aliposikia nimetumia glita ya dukani. Yeye alikuwa na duara machimboni, na kwa miaka minne duara hilo lilikuwa limebakiza siku tatu kufika kwenye mwamba wenyewe. Alikuja chumbani kwetu na kiberiti, akakifungua taratibu kana kwamba ndani kuna kifaranga.

"Mjomba," aliniambia, "familia yetu haiwezi kuvaa plastiki wakati mimi nipo. Hii ni yenyewe."

Ndani mlikuwa na unga wa kijivu. Niliupaka kidogo kwenye jua langu kumridhisha, na hapo hapo jua likapatwa. Mjomba alirudi nyuma hatua mbili, akakunja jicho, akasema dhahabu ya kweli haina haraka ya kung'aa. Nadhani hayo ndiyo maneno aliyokuwa akijiambia kwa miaka minne. Alipoondoka nililifuta kwa kitambaa kibichi.

Sasa niseme kwa nini pambo hili lilikuwa zito kwangu. Katika chuo chetu wazazi hawaketi tu kupiga makofi. Wahitimu hupangwa mistari uwanjani, kisha wazazi huitwa waingie kati ya mistari, kila mmoja amtafute mwanawe na kumvisha taji la karatasi za kung'aa shingoni, mbele ya watu wote. Baba yangu alikuwa mfugaji wa Itiryo, na macho yake yalikuwa yameingiwa na ukungu. Aliona umbo la kitu, sura hakuiona. Ng'ombe alimwona, ila mtu alimjua kwa sauti.

Na huyu baba ndiye aliyekuwa amewarudisha kwao, pamoja na ng'ombe wao, wazee waliokuja kuniposa nikiwa kidato cha pili. Kijiji kilimcheka. Walisema amefunga zizi lake kwa daftari. Miaka yote hiyo alikuwa akisubiri siku moja ya kuwaonyesha, na baadhi ya waliocheka walikuwa wanakuja mahafali, wengine kwa sababu ya pilau. Kama angemvisha taji mtoto wa mtu mwingine, Itiryo ingekula hadithi hiyo kwa miaka kumi.

Nilimwambia baba kwamba dada yangu atamshika mkono amlete hadi nilipo.

"Sishikwi mkono uwanjani kama mbuzi wa mnada," alisema baba. "Nitakutafuta mwenyewe."

Wiki moja kabla ya mahafali niliipeleka kofia Itiryo, ili aizoee. Nilimkuta amekaa uani anachonga mpini wa jembe.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Umekuja na hiyo kofia?"

Niliiweka magotini pake. Aliileta karibu na pua, akaigeuza, akaipitishia kidole. Glita ilimbakia kwenye kucha.

"Inang'aa," alisema.

"Ndiyo, baba."

"Na za wenzako?"

"Nazo zinang'aa."

"Wote?"

"Wote."

Alijifuta kidole kwenye suruali. Kisha alianza kunieleza kama mtu anayemweleza mtoto wa mjini, ingawa alinizaa mwenyewe, hatua chache kutoka pale.

"Ng'ombe weupe wa kijiji kizima wakishuka mtoni pamoja, wa kwetu utamjuaje?"

"Kwa alama."

"Alama ya rangi?"

"Hapana. Ya sikio."

"Kwa nini ya sikio?"

Nilijua jibu, kila mtoto wa kwetu analijua. Rangi hudanganya kwenye vumbi na kwenye jua, lakini ng'ombe akisimama kilimani, nyuma yake kukiwa na mbingu tupu, masikio ndiyo unayoyaona kwanza. Kila boma lina mkato wake. Wa kwetu ni ncha moja iliyoondolewa, na chini yake mkato mwingine kama mdomo wa ndege uliofunguka. Nilimjibu hivyo, akatikisa kichwa kama mwalimu aliyeridhika, akanituma nikamletee maziwa ndani.

Sikukaa hata dakika tano. Niliporudi na kibuyu, kisu chake kilikuwa juu ya goti na kofia ya chuo ilikuwa imekatwa sikio. Pembe ya kulia ilikosa ncha, na chini yake palikuwa na mdomo wa ndege, safi kabisa, umepita karatasi yangu, kitambaa na boksi. Kisha, kama afanyavyo kwa ndama ili kidonda kikauke, alikuwa amepaka jivu kwenye mkato.

"Baba," nilisema, "hii kofia ni ya chuo."

"Ndama naye ni wa mama yake mpaka nimkate sikio."

"Wasipoiona nzima hawanipi cheti."

Hapo alisimamisha mkono. Nadhani hakuwa amefikiria kwamba chuo kinaweza kuwa na zizi.

"Chuo kina alama yake?"

"Kina mhuri. Ndani."

"Mhuri wa wino?"

"Ndiyo."

"Wino hufutika," alisema, lakini kwa sauti ndogo, na maziwa hakuyamaliza.

Nilirudi mjini na kofia imefungwa kwenye kanga kama mgonjwa. Mwenzangu wa chumba aliifungua, akakaa kitandani.

"Sasa hii utarudisha aje?"

"Sijui."

"Na babako anajua hii ni ya kukodishwa?"

"Sasa anajua."

Alicheka mpaka akashika ubavu, kisha akavua soksi yake moja nyeusi ya shule na kuniuliza kama tuna boksi. Hivi ndivyo kofia inavyotibiwa, ikikufika. Kata boksi la ukubwa wa mkato, livishe soksi, libandike kwa chini kwa gundi ya viatu, kisha jaza mshono kwa glita. Tuliporudi nyuma hatua mbili kama mjomba, kofia ilikuwa nzima. Cheti changu kilikuwa kimepona. Niliamua kwamba baba atanijua kwa sauti. Akikaribia, nitakohoa.

Siku ya mahafali jua lilikuwa kali, na sikuwa nimelipigia hesabu. Tulipopangwa uwanjani, kofia zote ziliwaka mara moja. Kutoka kwenye viti vya wazazi, dada yangu alinisimulia, hazikuonekana kofia, ilionekana bati moja jipya la nyumba. Ubunifu binafsi wa darasa zima ulikuwa umeyeyuka ukawa kitu kimoja. Mjomba hakuwapo. Alituma ujumbe kwamba duara limebakiza siku tatu.

Wazazi walipoitwa walikuja kwa kasi, wakaingia kati yetu, wakapotea. Mama mmoja alimvisha taji msichana wa mstari wa mbele yangu, akambusu, ndipo akamtazama usoni. Msichana yule hakuwa na ndugu aliyefika, na taji hakulirudisha. Vigelegele na spika vilikuwa vikubwa hivi kwamba nilipojaribu kukohoa hata mimi sikujisikia.

Kisha nikamwona baba. Alikuwa amevaa koti lake la kanisani, taji limening'inia mkononi, na alikuwa anatembea taratibu kati ya mistari, uso ameuinua. Watu wengine walitafuta nyuso. Yeye alikuwa anatazama juu ya vichwa vyetu, pale kofia zinapokutana na mbingu, anapita pembe moja baada ya nyingine kama anavyohesabu masikio mtoni. Alinipita. Alifika mwisho wa mstari, akasimama, akageuka. Nyuma yake, kwenye viti, niliona wazee wawili wa Itiryo wameanza kunong'onezana.

Alipoanza kurudi, alikuwa ameshusha uso kidogo.

Nilivua kofia, nikashika kile kibandiko cha soksi, nikakivuta. Gundi ya viatu ni gundi nzuri. Kilitoka na kitambaa kidogo cha chuo. Nikaivaa tena, pembe ya kulia mbele, nikasimama wima.

Alisimama hatua nne kutoka kwangu. Alikuja moja kwa moja, na usoni hakunitazama hata mara moja. Alipeleka kidole gumba kwenye pembe, akaupapasa mkato, akafika kwenye mdomo wa ndege, akautia kidole. Ndipo akanivisha taji.

"Jivu limetoka," alisema.

"Ndiyo, baba."

Akageuka kuelekea viti vya wazazi akiwa amesimama pembeni yangu, akakaa hivyo muda mrefu kuliko ilivyolazimu, ili wale wenye macho mazuri wapate kuona vizuri.

Stoo tulirudisha kesho yake. Mtunza stoo alikuwa mzee mkimya wa upande wa Serengeti, naye amekulia nyuma ya ng'ombe. Aliichukua kofia yangu, akaishika kwenye mwanga wa dirisha.

"Nani kamkata huyu?"

"Baba."

"Ni alama ya kwenu?"

"Ndiyo, mzee."

Aliirudisha mezani, upande wangu. "Mimi sipokei mnyama mwenye alama ya mtu. Nikimweka humu ndani, huo ni wizi wa ng'ombe, na mimi ni mzee wa kanisa. Niletee mwingine asiye na alama, cheti kitakungoja."

Ilikuwa haki, na ilikuwa desturi. Fundi wa Turwa alinishonea kofia mpya. Kilichokosekana ni boksi gumu la juu, na hapo mjomba, kwa mara ya kwanza tangu aanze kuchimba, alitoa kitu cha maana kutoka kwenye duara lake. Alileta boksi tupu la baruti. Fundi alilikata akalivisha kitambaa, maneno ya hatari yakiangalia chini. Mtunza stoo aliipokea bila neno, na kwa ninavyojua ingali inavaliwa. Kama ulihitimu pale na ukahisi kichwa kimekuwa chepesi kulipuka, nisamehe.

Nilipopata cheti nilikipeleka Itiryo. Baba alikipapasa, akauliza kama kina mhuri wa wino tena, akacheka. Kofia iliyokatwa sikio ilikuwa tayari imetundikwa ukutani karibu na kengele ya fahali wake wa zamani. Nikamweleza jinsi nilivyorudisha nyingine stoo, mpya, nzima, isiyo na alama yoyote.

Aliinua uso kuelekea ile ya ukutani.

"Sasa huyo atakayeivaa," aliuliza, "baba yake atampataje?"