Bibi yangu aliona moto ukipita angani Madaba, akaitwa muongo. Nilichokisikia Mbesa kimeninyamazisha

Wakuu, habari za mchana. Mimi ni mkazi wa Songea mjini, na hiki ninachowaletea ni kitu cha nyumbani kwetu, sijakiokota mtandaoni. Pale nisipojua nitasema sijui.

Najua nyuzi za UFO humu huwa zinaishia kwenye kuchekana. Chekeni, ila someni kwanza.

Bibi yangu mzaa mama, tumuite Bibi Skola, alizaliwa Madaba, kaskazini mwa Songea. Akiwa binti mdogo, kabla ya uhuru, alikuwa shambani peke yake akifukuza ndege kwenye ulezi. Jua linazama.

Akaona moto mrefu unapita juu, taratibu, ukielekea mashariki. Mbele ulikuwa na rangi ya kijani, na nyuma vipande vidogo vinaufuata kwa mstari kama vifaranga.

Alikimbia nyumbani kusimulia. Hakuna aliyemwamini. Katekista akampigisha magoti kwa kusema uongo, na jina la utani likamganda hadi uzeeni: Skola wa Moto.

Aliolewa nalo, akazeeka nalo.

Kilichoniuma ni hiki. Macho yake yalipoanza kufifia, aliniambia kwa sauti ya chini, "Mjukuu wangu, siku hizi hata mimi najiuliza kama nilikiona."

Ndipo nikaanza research.

Wakuu, nilichoka. Nilikuta tovuti inasema chombo cha duara kiliwahi kutua kusini mwa Tanganyika. Nikafuata chanzo chake, kikanipeleka tovuti nyingine, na hiyo nyingine ikanirudisha kwenye ile ya kwanza. Jamaa wananakiliana tu. Mmoja aliiweka Songea pwani.

Nikapanda basi kwenda Madaba kuwauliza wazee. Huko ndiko nilikovurugwa kabisa.

Mmoja anahesabu miaka kwa komunyo yake ya kwanza, mwingine kwa mwaka wa nzige. Na wote ni watu wakarimu, hawataki mgeni aondoke mikono mitupu. Mzee mmoja nilimuuliza kama kilikuwa cha duara, akasema ndiyo. Kirefu? Ndiyo. Nikamuuliza kama kilikuwa na magurudumu. Akafikiri kidogo, akasema nayo yalikuwepo.

Nikaona kumbe maswali yangu ndiyo yanayotengeneza majibu. Nikarudi mjini, nikaachana nayo.

Sasa, mwaka jana shemeji yangu anayelima korosho huko Tunduru alivunjika mguu, akalazwa hospitali ya Mbesa, hukohuko Tunduru. Nikaenda kumuuguza.

Kitanda cha jirani alikuwepo mzee wa Kiyao, nitamuita Mzee Rashidi. Mchana mmoja nilikuwa naangalia video ya UFO kwenye simu, akaniuliza ni nini. Nikamwambia ni watu wa ng'ambo wanasimulia vitu walivyoviona angani.

Akatabasamu. Akasema hata wao walikiona, kijijini kwao karibu na Mbesa, mwaka aliotoka jandoni, wakati wa magharibi, watoto wakitoka kisimani.

Safari hii nilifunga mdomo. Nikamwachia aseme mwenyewe.

Akasema ulikuwa mkufu wa moto. Ulitokea upande wa Songea. Kichwa chake kijani kama jani la mgomba, na nyuma punje zake zinafuatana.

Wakuu, ni yaleyale ya bibi. Nikampigia mama mdogo anayeishi na bibi, nikamwomba aweke simu spika. Nilichowaambia ni kwamba kila mmoja wao ana habari ya moto wa angani. Basi.

Wakasalimiana, wakapeana pole za uzee. Halafu Mzee Rashidi akauliza, "Mama, na wewe uliusikia ule mlio?"

Nikaongeza sauti ya simu.

"Niliusikia," bibi akasema. "Moto ulishapotea, nikaanza kukimbia, ndipo juu kukanguruma. Hilo sijawahi kumwambia mtu. Kama moto wenyewe hawakuuamini, mlio ningemwambia nani?"

Mzee akajibu polepole, "Basi tulikuwa wote, mama."

Mama mdogo anasema bibi alilia bila sauti, huku ameshika simu kwa mikono yote miwili.

Mimi nilitoka nje nikaangalia juu. Kutoka Madaba hadi Mbesa ni safari ndefu ya basi, milima na mito mingi katikati. Kitu kinachoonekana na watoto wa huku na wa kule kilipita juu kiasi gani? Na mlio wake ulisafiri umbali gani hadi kuwafikia kikiwa kimeshapotea?

Maoni yangu ni kwamba kilikuwa kimondo kikubwa kilichopasuka. Siwezi kuthibitisha, hata kwamba ilikuwa siku ileile siwezi. Ila jibu hilo halijanipunguzia mshangao hata kidogo, limeuongeza.

Funzo nililopata: ukitaka kuchunguza mambo ya kale, uliza kidogo halafu nyamaza. Na mtoto akikwambia ameona kitu, msikilize mpaka mwisho kabla ya kumpigisha magoti.

Wazee wale bado wanapigiana simu. Mambo ya angani wameshayamaliza, siku hizi wanaulizana maumivu ya magoti na bei ya korosho.

Wenye wazee Namtumbo, ninyi mko katikati ya njia ya ule moto. Waulizeni, msiwatajie rangi wala mlio, mtuletee hapa watakachosema. Wenye maelezo tofauti na ya kimondo nao karibuni, nasoma comment zote.