Mguu wa Bomba

Mume wangu alipokatwa mguu kwa sababu ya sukari, nilidhani kazi kubwa imeishia hospitali. Kumbe ilikuwa inanisubiri nyumbani. Kumnyanyua kitandani, kumpeleka msalani, kumrudisha, kisha mbio sokoni kuuza asali yangu. Binti zetu wameolewa, mmoja Nzega, mwingine Kaliua. Magongo aliyakataa, ati yanamchubua kwapa. Nilichoka, jamani. Nilichoka mpaka nikawa nawaonea wivu wagonjwa.

Mguu wa bandia wa dukani tulitajiwa bei, tukashukuru, tukaondoka. Ndipo fundi baiskeli wa mtaa wetu akaniambia, "Mama, mbona huo hata mimi naweza?" Alishamtengenezea ndugu yake wa Igalula, naye analima nao. Akaja kuchukua kipimo cha kigutu kwa plasta ya kufungia mifupa, akalainisha kipande cha bomba la plastiki la maji juu ya mkaa, akakikandamiza kwenye kipimo hicho kikashika umbo. Chini akafunga soli ya katambuga, ile ya tairi. Bei yake haikufika hata ya baiskeli kuukuu.

Mume wangu akautazama. "Mimi nivae bomba la choo?"

"Ni la maji safi," nikamwambia.

"Bomba ni bomba." Akageukia ukutani.

Basi mguu ukakaa nyuma ya mlango karibu msimu mzima wa mvua. Nikifagia, nausogeza. Majirani wakiuliza, nasema anaupumzisha kwanza. Mguu gani wa kupumzishwa? Aliyepumzika ni yeye! Mimi mgongo ulikuwa unawaka moto, na hasira nilizimeza kila siku kama dawa.

Mvua zilipokaribia kwisha, malaria ikaniangusha. Asubuhi moja nimelala natetemeka, koo limekauka, nikaita, "Maji!" Niliita kwa mazoea tu, maana wa kuyaleta ndani ya nyumba ile ni mimi mwenyewe.

Nikasikia kitu kinagonga sakafu. Kikanyamaza. Kikagonga tena, karibu zaidi. Pazia likasogea, nikamwona mume wangu amesimama, mkono mmoja ukutani, wa pili umeshika kikombe. Jasho linamtiririka. Nusu ya maji ilikuwa imemwagikia msuli aliojifunga kiunoni.

"Usiniangalie," akasema. "Kunywa."

Nikanywa. Kiu iliniisha, wallahi. Lakini nikamrudishia kikombe, nikasema, "Bado."

Akaguna, akageuka, akayafuata mengine.