Kumfuata Mtu wa Kumi

Krrrr, kisha kishindo. Mlango wa bati wa duka unavutwa chini jioni, mapema kuliko maduka mengine ya mji, kwa sababu kuna mtu ana kumbukumbu ya marehemu wake na sala inataka wanaume kumi. Perla Waisbein alikulia ndani ya sauti hiyo. Akiwa mtoto alikaa kwenye ngazi za sinagogi ubavuni mwa baba yake, mwenyekiti wa Jumuiya ya Wayahudi wa mji, wakisikiliza mtaa wa kituo cha reli ukifungwa: muuza vitambaa, fundi saa, yule wa misumari, ndugu wawili wa viatu. Watu hawahesabiwi waziwazi, baba alimfundisha; ukiwahesabu, unakiita kifo kije kuchagua. Kwa hiyo walihesabu kwa kukana. Krrrr. "Si mmoja." Krrrr. "Si wawili." Wakifika "si kumi" baba alisimama, akapangusa suruali, akaingia ndani. Perla alibaki kwenye ngazi. Msichana hakuwamo katika hesabu hiyo.

Maduka yalikwisha moja baada ya jingine. Vijana walikwenda Buenos Aires kusoma, wakawa wanarudi San Fermín kuzika tu. Baba yake alipokufa, Jumuiya ilikuwa paa linalovuja, makaburi yaliyomezwa na nyasi, na wazee waliogombana tangu ujana wao hata sababu wakaisahau. Perla, mwalimu wa shule ya msingi, alichukua funguo, na uenyekiti pamoja nazo, kwa kuwa hakuna mwingine aliyezitaka. Akazichukua kikweli. Aliwafundisha watoto herufi za Kiebrania jikoni kwake, unga ukiwa bado mikononi. Aliwaosha wanawake waliokufa na kuwavika sanda. Aliwapigia simu wote kila Ijumaa asubuhi, na aliyesema anaumwa alipelekewa supu mlangoni, ikabidi aumwe kweli au aje kusali.

Kisha mwanawe Natán aligongwa na lori la machungwa kwenye barabara kuu. Mumewe, Itzjak, baada ya mazishi alikwenda kwa dada yake Tel Aviv kupumzika kidogo, na pumziko hilo halijaisha mpaka leo. Natán hakuwa na ndugu wa kumsomea Kadishi, ile sala ambayo mfiwa huisema akiwa amesimama na wengine wakaitikia amina, na ambayo haisemwi pasipo watu kumi. Siku za matanga walifika tisa. Perla alisimama katikati yao, nguo yake imechanwa kifuani kama ilivyo desturi ya mwenye msiba.

"Mimi ndiye mama yake," alisema. "Nihesabuni, au mniambie usoni kwamba sipo."

Mzee Goldfarb, fundi saa, alimsogezea kitabu cha sala. Kisha akasema, "Si kumi. Anza, binti yangu."

Tangu hapo wanawake wakawa wanahesabiwa San Fermín. Kila mwaka kumbukumbu ya Natán ilipofika, Perla alisimama mbele na kuisema Kadishi yake, na jina likasomwa: Natán, mwana wa Itzjak na wa Perla.

Lakini wazee waliendelea kufa, na kuhesabu wanawake hakukuzaa watoto. Perla akaona kwamba Jumuiya isiyo na rabi haitavuka kizazi kimoja zaidi. Hakuna aliyekubali kuja mji wa mwisho wa reli ila kijana mmoja, Menashe Sorín, mwenye mke mchangamfu na watoto wengi, mtu wa sheria kali. Kamati ilipokutana, Tito Kaplún, ambaye zamani alikuwa na sinema, alisema aulizwe kwanza kama atamhesabu mwenyekiti.

"Hata ndevu zake hazijakomaa," Perla alimjibu huku akicheka. "Akishakula keki yangu ya asali mara mbili tatu, atatuzoea."

"Wewe ndiye utakayemzoea," Tito alisema. Akachukua kofia yake, akaenda mkahawani kucheza karata, na sinagogi hakuikanyaga tena.

Ukweli ni kwamba rabi alifanya yote aliyoitiwa. Meza za Ijumaa zilijaa. Kulikuwa na watoto wakikimbia kati ya viti, jambo ambalo Perla alikuwa ameota kulisikia hadi akaacha kuota. Rubén, daktari wa meno, ambaye hakuwa na habari na Mungu tangu alipokuwa mwanafunzi wa jikoni kwa Perla, alianza kuja kila asubuhi. Rabi hakubishana na mtu. Mke wake alishona pazia jeupe lenye maua ya uzi pembeni, kina mama wapate kusali kwa utulivu, na Perla mwenyewe aliusifia ule mshono. Mwaka uliofuata walimfanya mwenyekiti wa heshima. Wakampa sahani iliyochongwa jina lake, pamoja na keki, na funguo akapewa Rubén.

Mwaka huo kumbukumbu ya Natán iliangukia siku ya mvua kubwa. Mto ulikuwa umepanda hadi barabara ya ukingoni, na wengi walikwama nyumbani. Nyuma ya pazia wanawake walikuwa wamejaa, maana Perla aliwaita yeye mwenyewe. Mbele, Rubén alitembeza macho kwenye viti.

"Si tisa," alisema.

Perla alitoka nyuma ya pazia. "Anza, rabi, mwanangu."

"Tusubiri kidogo, mama. Atatokea mtu."

"Ametokea. Ni mimi hapa."

Rabi aliinamisha kichwa. Hakuwa mkali; laiti angekuwa mkali, Perla angejua pa kumshika. Alimwambia kwa upole kwamba anamheshimu kama mama yake mzazi, kwamba sheria si mali yake hata ailegeze, na kwamba asipopatikana mtu watasoma zaburi, nazo pia zinamfikia marehemu.

Perla akamgeukia Rubén. "Wewe ulikuwepo siku ile. Goldfarb alisema nini?"

Rubén alifungua kitabu cha sala, akaangalia ukurasa mtupu wa mwanzo. "Mwalimu, enzi zile tulikuwa wachache."

"Na leo mko wangapi?"

Mvua ilipiga paa, lile paa alilolihangaikia hadi likaacha kuvuja. Nyuma ya pazia mtoto mmoja alicheka na kunyamazishwa. Perla alilisikia cheko hilo. Akajifunga kitambaa kichwani, akatoka.

Tito alikuwa mkahawani, peke yake na mwenye mkahawa, karata zimetandazwa.

"Mwenyekiti," alisema bila kuinuka. "Umelowa chapachapa. Wamekufukuza au umetoroka?"

"Wamepungukiwa mtu mmoja."

"Si wanaye? Wewe."

"Tito."

Alimtazama, na utani ukamtoka usoni. Aliweka karata chini. Alisema atakuja, ndiyo, atasimama katikati yao na kumweleza yule kijana kwamba wa kumi wa nyumba ile alipatikana zamani, siku za matanga, kisha atarudi kumalizia mchezo wake.

"Hutasema kitu," Perla alisema. "Ukisema, nusu watakuwa na mimi na nusu na yeye, na kesho tutakuwa na sinagogi mbili, zote tupu. Nimewakusanya kwa meno watu hawa. Njoo, usimame, uitikie amina, basi."

"Na wewe utasimama wapi?"

"Twende. Mvua inazidi."

Tito aliingia na ndala, ananuka sigara, mtu asiyeamini chochote ila bahati ya karata. Rabi alimkumbatia kwa furaha ya kweli. Rubén alimtafutia kofia, akasema, "Si kumi," na uso wake ukapata nafuu. Wanawake walimpisha Perla hadi kiti cha mbele, na mke wa rabi akamfinya mkono, mkono wenye joto, wa mtu asiyejua alichochukua.

Rubén ndiye aliyesema Kadishi. Alijikwaa kwenye neno lile lile ambalo Perla alimrudisha mara nyingi utotoni, na safari hii hapakuwa na wa kumrudisha. Tito aliitikia amina kwa sauti kubwa mno, hata pasipotakiwa. Perla alifumba midomo. Kisha rabi akaanza ombi la marehemu, kwa sauti nzuri, akalisoma jina: Natán, mwana wa Itzjak.

Akaishia hapo, akaendelea mbele. Itzjak, ambaye hajawahi kuliona jiwe la kaburi lililowekwa baada ya yeye kuondoka.

Perla alisogea hadi pazia likamgusa midomo, akasema polepole, kwa sauti ambayo haikuvuka kitambaa kile:

"Na wa Perla."