Pazia la Saa Nne

Waonjaji nawajua kabla hawajafika juu. Hupanda ngazi kwa vishindo, wawili watatu kwa pamoja, simu mkononi, na mlangoni hawapigi hodi wala hawatoi salamu. Hunionyesha kioo cha simu, pale kampuni ilipowaandikia kwamba wana wiki nzima ya bure katika jimu yoyote yenye jina lake, saa yoyote waitakayo. Nami hutabasamu, maana mkataba unanitaka nitabasamu. Basi hujipiga picha mbele ya kioo, huning'inia kwenye mashine ya mgongo kama watoto waliopanda mpera wa jirani, huacha jasho lao vitini na chupa zao sakafuni. Siku ya nane huwaoni. Na wakirudi, wamekuja na namba ya simu ya shemeji yao ili waianze wiki upya.

Wazee wetu walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Kampuni, ambayo makao yake makuu yako Nairobi, imesema mgeni siku saba, na jembe nishike mimi mwenyewe. Nimeshalisema hilo kwenye simu mara kadhaa. Huko wanacheka, wanasema watu wa pwani mna maneno matamu, kisha wananitakia siku njema.

Lakini waonjaji peke yao ningewavumilia. Nimezaliwa Kisauni, nimekulia katika nyumba ya wapangaji wengi na choo kimoja, sishindwi na watu. Kinachoniuma ni saa nne. Kila asubuhi ikifika saa nne najikuta nimeacha ninachokifanya, natega sikio ngazini, na hakuna ninayemngojea anayepanda.

Jimu hii niliifungua kwa mikono yangu, juu ya duka la mbao na simiti, kwenye barabara iendayo Junda. Vyuma vya kutosha sikuwa navyo. Nilikusanya mikebe ya rangi iliyokwisha, nikaimiminia simiti ya duka la chini, nikachomeka vipande vya bomba vya kushikia, ikawa ndiyo mizigo yetu ya kunyanyua. Jioni vijana walijaa mpaka wengine wakangoja ngazini. Asubuhi chumba kilikuwa kitupu, nami nilikaa humo na upweke wangu, kwa kuwa mama yangu alikuwa amefariki miezi michache kabla na nyumbani hakukuwa na wa kuniuliza nimekula nini.

Ndipo aliponipandia mama wa mbaazi. Huyu ana meza yake pale chini, huuza mahamri na mbaazi tangu alfajiri mpaka sufuria ikauke, na mtaa mzima unamjua kwa mkono wake na kwa ulimi wake. Siku hiyo alifika juu akitweta, akakalia kiti cha kwanza alichokiona.

"Mwanangu," akasema, "daktari aniambia magoti yangu yamechoka kunibeba. Nataka kuruka ruka. Wewe ni mwanamke mwenzangu, lakini mbele ya wanaume siruki, wallahi. Kwa umri huu wakiniona naruka watasema nimepandwa na pepo."

Tukakubaliana: tangu saa nne mpaka adhuhuri, jimu ni ya kina mama. Kesho yake akaja na jirani yake, jirani akaja na dada yake, na hao wakaleta wengine. Alikuja nesi mmoja kutoka bara, aliyekuwa akipitia kwetu akitoka zamu ya usiku. Yeye ni Mkristo, hana habari na buibui, lakini alisema hata yeye amechoka kutazamwa kila akiinama. Alikuja pia mama wa Kigiriama kutoka Mwakirunge, muuza mchicha, aliyekuwa na mikono imara kuliko vijana wangu wote wa jioni. Tulimwuliza anatafuta nini kwetu. Akasema anatafuta pa kupumzikia.

Pazia lilikuwa shauri la mama wa mbaazi. Kila mmoja wetu alileta leso moja, nami nikaleta yangu ya kijani, yeye akaziunga kwa cherehani yake, rangi haziwiani hata kidogo, nasi tukalitundika kwenye waya ndani ya mlango. Lilipokuwa limekunjuliwa, hata fundi wa umeme alijua aketi ngazini asubiri. Nyuma yake buibui zilivuliwa, mitandio ikatoka, na wanawake niliokuwa nikiwajua kwa macho tu barabarani wakawa na shingo na nywele na vicheko.

Mama wa mbaazi ndiye aliyehesabu. Alikuwa na hesabu yake mwenyewe. "Moja ya Mungu! Mbili ya wazazi! Tatu ya mahamri ya jana! Nne ya wifi yangu, shusha kwa nguvu!" Kumi hatukuifikia ila kwa taabu, maana kufika saba nusu yetu tulikuwa chini, tumeshika mbavu. Chumba kilinukia jasho na udi wa nguo zao. Baadaye ilitolewa chupa ya chai ya tangawizi, na yeyote aliyeninyooshea kikombe aliniita mwanangu. Nilikuwa na furaha. Sijui namna nyingine ya kulisema.

Kisha ikaja kampuni na mashine zake. Niseme kweli, nilizitaka. Nilitaka mashine za kukimbilia, nilitaka kiyoyozi, nilitaka jina kubwa ukutani ambalo mtu akishuka uwanja wa ndege kule Port Reitz atalijua. Walipaka kuta rangi yao, wakafunga madirisha kwa ajili ya kiyoyozi, wakaleta muziki wao unaopigwa kutwa kucha kwa sauti waliyoipima wao. Mikebe ya simiti wakasema itupwe, inaharibu sura. Mama wa mbaazi akaiomba. "Nipe mimi nikandamizie turubai la meza yangu," akasema, "upepo wa hapa hauna adabu." Wapakiaji wa duka la chini wakamshushia. Kuhusu saa ya kina mama, kampuni haikusema kitu, nami sikuuliza, nikaona mambo yamekaa vizuri.

Amri ya wiki ya bure ilikuja kwa ujumbe wa simu, na siku chache baadaye wakaja waonjaji wa kwanza wa asubuhi. Walikuwa vijana wawili, na pazia lilikuwa limekunjuliwa. Niliwaambia wasubiri adhuhuri. Mmoja akasema simu haikuandika adhuhuri. Akaipiga namba ya kampuni hapo hapo, akanipa niongee, na sauti ya msichana mpole ikaniambia, "Madam, mgeni wa wiki ya bure harudishwi mlangoni. Ndiyo masharti." Nikawa namweleza, nikirudia neno kina mama kana kwamba hakulielewa. Nilipokuwa katika hayo, kijana wa pili akaliinua pazia kwa kidole, akaingia.

Hesabu ilikatika kwenye sita.

Mama wa mbaazi alikuwa amesimama katikati ya chumba, kichwa wazi, mvi zake zimekolea hina, mikono imeinuliwa. Hakupiga kelele. Nilitamani apige kelele, kwa sababu ulimi anao. Aliishusha mikono taratibu, akaiendea buibui yake, akaivaa, akapita karibu yangu na kunigusa bega. "Si wewe, mwanangu," akasema. Wenzake wakamfuata, na kijana akawapisha huku akiniomba radhi. "Pole dada, simu iliniambia niingie." Hata yeye sikuweza kumchukia.

Kesho yake walikuja wachache, wakaketi ukutani na buibui zao mwilini kana kwamba wanangoja basi. Baada ya hapo hawakuja tena. Nilipigana na makao makuu kadiri nilivyoweza. Msimamizi wa huko, mtu wa adabu kabisa, aliniambia nisihuzunike: niwaambie wale kina mama nao wachukue wiki ya bure. Nilicheka mpaka nikashikwa na kwikwi, na nilipoikata simu nilikuwa nalia. Mwisho wa msimu wakaniletea ngao ya kunishukuru kwa kupokea wageni wengi, ikatundikwa juu ya kaunta. Mkataba ungali na muda mrefu mbele yake.

Kila asubuhi napitia meza ya mama wa mbaazi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Waamkaje? Umelala?"

Hunifungia mahamri yangu, kisha huongeza moja juu, hata siku moja hajasahau. Nami husimama pale nikitamani kumweleza yule msimamizi kwamba bure ninaijua, sisi hapa tumelelewa nayo. Lakini hii hamri ya juu huja baada ya kuulizwa umelalaje. Hupewi kama hujajulikana.

Nilikuwa na swali moja tu nililotaka kumwuliza: mtarudi lini? Sikuthubutu. Nilisema, "Mambo yatatengenea, mama, inshallah," naye akajibu, "Inshallah," kwa ile sauti anayoambiwa mtoto aliyeomba kupelekwa Lamu. Pazia nililiacha juu, nimelikunja kwenye waya wake. Kampuni ilinikumbusha mara mbili nilitoe. Nilisema nitalitoa.

Juzi hapa umeme ulikatika. Mashine zikasimama, kiyoyozi kikanyamaza, na muziki ukakoma katikati ya neno. Waonjaji wakazungukazunguka kidogo, joto likawashinda, wakashuka. Ilikuwa yapata saa nne. Nikalifungua dirisha la nyuma, ambalo lilikuwa halijafunguliwa tangu kije kiyoyozi, nipate upepo. Na kutoka chini, kama mtu aliyenishika mkono, nikaisikia: "Nne ya wifi yangu, shusha kwa nguvu!"

Nikachungulia. Chini yangu ni ua wa nyumba ya mama wa mbaazi. Niliona kona yake tu, na katika kona hiyo mkono mnene ukiinua mkebe wa rangi.

Nilishuka ngazi mbio, bila hata kufunga mlango. Nikazunguka kichochoro, nikasimama kwenye mlango wa mabati.

"Hodi."

Hesabu ikakatika.

"Hodi nani?"

"Ni mimi, mama."

"Uko na mtu?"

"Sina mtu."

Komeo likaondolewa. Walikuwamo wote. Nesi yumo, na sare yake ameitundika kwenye kamba ya nguo. Muuza mchicha yumo, mkebe kila mkono, hata hajakunja uso. Mikebe yangu yote ya simiti ilikuwa imepangwa ukutani, imefutwa vizuri. Hakuna aliyeniuliza nimejuaje. Mama wa mbaazi akanitazama mguu hata kichwa, akasema, "Haya, vua viatu, simama pale nyuma ya nesi. Huyo ndiye mvivu wetu, mtafaana." Nesi akageuka, akacheka, "Siku hizi niko fiti, usimsikize." Wakanipisha nafasi.

Nikanyanyua mikebe niliyoimiminia simiti mwenyewe. Moja ya Mungu, mbili ya wazazi. Jasho likanitoka vizuri, tofauti na lile la kuzunguka na kitambaa nikifuta la wengine. Muuza mchicha akanikosoa mgongo, mimi mwenye jimu, na nikanyoosha mgongo. Moyoni nilikuwa nimeshaamua. Nitawaambia warudi. Nitaifunga kaunta, nitalala mlangoni, kampuni ifanye itakalo. Maneno nilikuwa nayo mdomoni, nangoja tu tufike kumi.

Tulikuwa kwenye nane umeme uliporudi. Muziki wa jimu yangu uliruka kutoka dirisha lililo wazi, ukaanguka uani kama sufuria. Wote wakaangalia juu, kisha wakaniangalia mimi.

"Nenda, mwanangu," akasema mama wa mbaazi. "Kazi yakwita."

Nikavaa viatu. Alinisindikiza mpaka mlangoni, na mkono wake ukiwa kwenye komeo akaniuliza kwa sauti ya chini, "Lile pazia letu, ungali nalo?"

Nilimshika mkono. "Ninalo, mama! Liko pale pale, sijalitoa."

"Basi nishushie kesho," akasema. "Wale wageni wako, siku umeme ukienda, wataanza kulifungua lile dirisha. Twataka kulitundika upande wa kwako."

Nilimtazama. Hakuwa na kinyongo hata chembe. Alikuwa akiniomba kitu, kama jirani amwombavyo jirani kinu.

"Haya, mama," nikasema.

Sikungoja kesho. Nilipanda, nikaleta kiti, nikalifungua kwenye waya. Lilikuwa lingali na udi. Mwonjaji mmoja aliyekuwa akijipiga picha akaniuliza lilikuwa la nini, nikamwambia la jua. Mama wa mbaazi nilimpelekea mwenyewe siku ya pili kabla jua halijapanda, akaliweka chini ya meza, akanifungia mahamri, akaongeza moja juu.

Saa nne nikaenda kwenye dirisha la nyuma. Kupitia kioo niliwaona wawili wamepanda vigoda kwenye kona ile, wanafunga kamba, na nesi anawaelekeza kwa mkono. Leso zikapanda moja baada ya nyingine, yangu ya kijani ikiwa ya mwisho, mpaka sikuwaona tena. Kisha mtu akagonga kaunta nyuma yangu, na nilipogeuka alikuwa ameshainua simu yake kunionyesha.