Aliniuliza Kama Nasoma

Nakumbuka Alhamisi moja, mwanangu, nilipomdanganya mtu mzima asiyeona vizuri, kisha nikarudi nyumbani naimba. Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Leo mnaniita mama, ingawa arobaini sijaifikia, na kweli nimechoka kama mama: tangu asubuhi nakanyaga cherehani, mafuta ya gari hakuna, nimetoka Buyenzi kwa miguu mpaka hapa Carama. Nivumilie basi nikieleza polepole.

Shule niliiacha mwaka wa tisa. Konkuru, ule mtihani wa mwisho, ilinishinda kwa alama chache, baba akasema inatosha, nikapelekwa kwa shangazi Mariamu kujifunza kushona. Sikulia sana. Nilikuwa mtoto wa kuota mchana, na kichwani mwangu tayari nilikuwa na duka lenye vioo na wateja wanaoshuka kwenye magari. Kilichoniuma ni kingine. Tangu utotoni nilipenda kusoma mno. Hata karatasi iliyofungiwa karanga niliisoma kwanza ndipo nile. Watu walipoanza kusema, "Zaina ameacha kusoma," nikawaamini. Nikaacha shule na vitabu pamoja, kana kwamba vyote viko nyuma ya mlango mmoja.

Kilichobaki ni aibu, na aibu ina vituko vyake. Nilinunua barabarani kitabu kinene cha Kifaransa. Kila nilipotumwa kupeleka nguo Mutanga Sud, karibu na chuo kikuu, nilikibana kwapani ili wanafunzi wanione mwenzao. Kilihusu magonjwa ya ng'ombe, nadhani. Ukurasa wa pili sikuwahi kuufikia.

Huko ndiko nilikomkuta Bi Nasra, mjane wa ukoo wa Kiarabu. Watu wake waliuza vitambaa mjini tangu enzi za babu yake, na sasa alikaa kwa mwanawe. Nilimpelekea gauni. Macho yake yalikuwa na mtoto wa jicho, kwa hiyo alilipapasa pindo kwa vidole, na mkono ukagusa kitabu changu.

"Ni kitabu hiki? Kwani wewe unasoma?"

Hapo ndipo nilipopotea, mwanangu. Kwetu Buyenzi, mtu akitaka kujua kama una tabia ya kushika vitabu, atakuuliza, "Unasomaka?" Akisema, "Unasoma?" basi amekuuliza shule. Lakini Bi Nasra alisema Kiswahili cha baba yake, si hiki chetu. Mimi nikasikia shule, na aibu ikajibu haraka kuliko mimi.

"Ndiyo, bibi. Niko chuo kikuu, mwaka wa pili."

"Basi Mungu kakuleta," akasema, akatoa kitabu chini ya mto. Kilikuwa riwaya ya Kiswahili, imekunjwa ukurasa karibu na mwisho. Akanieleza: dada wawili wamegombana juu ya nyumba ya marehemu mama yao, miaka imepita, na yule mkubwa sasa yuko njiani anarudi. "Zimebaki kurasa ishirini, macho yakanigomea. Mwanangu hana nafasi. Wajukuu wanasoma simu tu. Kichukue, ukisome, uje Alhamisi uniambie: walisemezana, au hawakusemezana? Miezi sita nalala na swali hilo. Nataka nijue kabla sijapelekwa kwa daktari, maana macho haya sijui kama yatarudi."

Nilikichukua. Wiki nzima kikakaa juu ya meza ya kukatia nguo, na sikukifungua. Si uvivu. Nilikiogopa. Nilijiambia vitabu ni vya wanaosoma, nikikifungua kitanijua.

Alhamisi ikafika. Nikakaa mbele ya Bi Nasra, nikasema, "Walisemezana, bibi. Walikumbatiana mlangoni, wakalia, wakapika pilau wakawaita na majirani."

Akashika mikono yangu, akajifuta macho kwa ncha ya ushungi. "Na pilau juu yake," akasema. "Wamenipumzisha." Nikasahau hata kumrudishia kitabu chake. Njiani nikaimba. Nilijiona nimefanya wema.

Shangazi Mariamu ndiye aliyeniharibia wimbo. Siku iliyofuata alikuta sindano zake zimechomekwa kwenye jalada la riwaya ile. "We mutoto," akasema, "iyi kitabu ni ya kusoma ao ni ya kuchomekea sindano?"

"Mi siko musomi, shangazi."

"Musomi wapi? Kitabu iko mu Kiswahili! Ata fundi wa baiskeli anaweza kuisoma!"

Akafunga duka, akaenda kwenye swala ya Ijumaa. Mvua ikanizuia barazani peke yangu. Nikaanza kuzichomoa zile sindano, moja baada ya nyingine, na nilipofika ya mwisho nikakuta nimeshafungua ukurasa wa kwanza. Watu walirudi kutoka msikitini, mvua ikakatika, shangazi akanipita akitikisa kichwa. Sikuinuka. Kila nilipopata nafasi wiki ile nilirudi mle. Nilimchukia yule dada mkubwa, kisha nikamwonea huruma, kisha nikajikuta namsemesha kwa sauti, na mteja mmoja akaniuliza naongea na nani.

Nikafika mwisho. Yule dada anafika nyumbani, anakuta mlango umefungwa kwa ndani. Anamsikia mdogo wake akipumua upande wa pili. Anakaa chini, ameegemea mlango. Na yule wa ndani naye anakaa. Kitabu kinaishia hapo. Hawakusemezana, lakini hakuna aliyeondoka.

Nilifunga jalada. Nilikuwa nimemnyima Bi Nasra mlango ule, nikampa pilau.

Alhamisi nyingine nikaenda bila kitabu cha ng'ombe, riwaya yake tu mkononi. Nikapiga magoti kwenye mkeka wake. "Bibi, nilikudanganya."

"Najua," akasema. "Nilimsimulia jirani yangu, mwalimu mstaafu, kwa raha zangu zote. Kumbe yeye alikisoma zamani. Alicheka mpaka akashika mbavu. Akaniuliza hiyo pilau niliila ndotoni?"

"Nisamehe, bibi."

"Mimi macho yangu yamekwisha, Zaina. Nikakuomba ya kwako. Wewe ukayafumba, ukaniambia unaona." Hakupaza sauti. Angepaza ingekuwa nafuu. "Na hicho chuo?"

"Sina chuo. Niliacha kusoma mwaka wa tisa."

"Uliacha shule," akasema. "Mimi nilikuuliza kama unasoma. Shule yako ningeifanyia nini? Baba yangu hakukanyaga shule ya Mzungu hata siku moja, na mama alikuwa akimnyang'anya kitabu ndipo ale. Nani aliyewadanganya nyinyi kwamba kusoma ni kukaa darasani? Leta hicho kitabu. Soma."

Nikasoma kurasa zile ishirini kwa sauti, ulimi unanikwama. Yeye ananituliza, "Polepole, dada hawezi kufika kabla hujamfikisha." Nilipomaliza akanyoosha mkono, akapapasa ukurasa wa mwisho.

"Basi?"

"Basi, bibi."

"Hata chai hawakunywa?"

"Hata maji."

Akacheka. Halafu kicheko kikaisha, machozi yakabaki. "Afadhali," akasema. "Sasa nimefika mwenyewe."

Siku ile alinipeleka kwenye kabati lake la vitabu, akanifundisha namna yake ya kuchagua. "Chukua chochote, usome umesimama. Usiangalie jina, usiulize nani kakisifu. Miguu ikikuuma baada ya ukurasa mmoja, kirudishe. Ukijikuta umekaa na hukumbuki ulikaa saa ngapi, hicho ni chako." Nilirudisha vingi. Vitano nilikaa navyo chini.

Daktari alilirudisha jicho moja, kidogo tu. Nilimsomea kila Alhamisi kwa miaka minne, mpaka alipotutoka, Mungu amrehemu. Kitabu cha mwisho tulikuwa katikati. Nilikimaliza kwa sauti barazani kwa shangazi, na shangazi hakunitania.

Sikudanganyi tena, mwanangu. Duka lenye vioo sijalipata. Jioni nyingine nasoma kurasa mbili, usingizi unanichukua na miwani usoni. Kuna miezi sishiki kitabu kabisa, maana uchovu nao unadai haki yake. Lakini hata katika miezi hiyo sisemi nimeacha kusoma. Nasema nimepumzika.

Kwa hiyo nisikilize. Usibebe kitabu ili uonekane. Kitakuwa kizito na hakitakusemesha. Kikikuchosha, kiache bila aibu, vingine vipo. Ukitaka kipya, usimuulize mtu kipi ni kizuri. Muulize kipi kilimuunguzia maharagwe jikoni, kisha uazime hicho kwake. Azima, na urudishe. Soma Kiswahili, soma Kirundi, soma Kifaransa ukikiweza, soma hata karatasi ya karanga. Ukiulizwa kilichomo na hujakisoma, sema hujakisoma. Ni neno moja tu, na halijaua mtu. Na ukimwona mtu ambaye macho yamemgomea, keti umsomee, umalize, hata kama mwisho si ule anaoutaka.

Mola akulindie macho yako, mwanangu. Akupe saa moja ya utulivu katika kila siku ya kazi, na mtu wa kukungojea umweleze ulichosoma. Na siku yako ya uzee, sauti changa isikose kando ya mkeka wako. Amina.